Parachichi Haliwekwi Ghalani: Poka ya Haraka na Bei ya Kusubiri

Saa nne usiku, kwenye saluni ya kiume pale Majengo, Moshi, mlango ukiwa umefungwa nusu, dogo mmoja wa bodaboda alilaza simu yake kifudifudi juu ya kaunta. "Nimetoka tena," akasema. "Na wala sikucheza ovyo, braza. Nilikuwa nasubiri karata."

Hakudanganya. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega nikichungulia. Kwa dakika 25 alitupa karata zake mgawo baada ya mgawo, ametulia kama mtu aliyepewa namba hospitali akingoja kuitwa. Ree na kingi zilipomfikia, chipu zake zilikuwa zimebaki chache kiasi kwamba hazikumtisha mtu. Akaweka zote, watatu wakamfuata, na mwenye 8 na 3 akapata jozi mbili. Mwalimu wetu wa hesabu, mstaafu, ambaye huja kunyoa ndevu na kubaki hadi usiku, akatikisa kichwa: "Bahati mbaya tu hiyo, mwanangu. Umecheza vizuri."

Kwa heshima zote, mwalimu alikosea, na makala hii ni ya kumjibu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: tunazungumzia poka ya aina ya Texas Hold'em ya kwenye simu, kiingilio dola moja au pungufu, watu tisa mezani. Kila mtu anapewa karata mbili zake, na tano za wote zinafunuliwa katikati. Kila mtu anaanza na chipu 1,500 (za kuchezea, si za mayai). Kila karata zinapogawiwa, wawili wanalazimika kuweka dau kabla hawajaona kitu, mmoja blaindi ndogo na wa pili blaindi kubwa, na zamu hiyo inazunguka meza. Madau hayo yanapanda kila dakika 5, na kwenye mashindano ya haraka zaidi kila dakika 3. Fundi gereji angesema limefungwa tabo, na ndivyo linavyoitwa. Kwenye shindano kuu la dunia kule Las Vegas, kiwango kimoja cha blaindi kinadumu saa 2. Wengi wetu tumejifunza poka kwa kutazama video za huko, halafu tunakwenda kuicheza mahali ambapo saa 2 zinatosha kuanza shindano, kulimaliza, kula ugali na kulala.

Tuanze na saa, maana ndiyo mchezaji wa kumi pale mezani. Mpangilio wa kawaida wa tabo unakwenda hivi: blaindi 10 na 20, kisha 15 na 30, 25 na 50, 50 na 100, 75 na 150, halafu 100 na 200. Meza ya watu tisa kwenye simu hugawa karata kama mara sita katika dakika 5. Ili zamu imzungukie kila mtu inahitajika migawo tisa. Maana yake ni kwamba blaindi zinapanda kabla hazijamaliza hata mzunguko mmoja wa meza. Nilipoisema hesabu hii saluni, kinyozi alizima mashine na kumwacha mteja na nusu ya upara.

Sasa weka pembeni yake hesabu ya karata. Karata mbili za kuanzia zinaweza kuja kwa namna 1,326. Zile anazoziita dogo "karata za maana", yaani jozi ya ree, ya kingi au ya kwini, au ree na kingi kwa pamoja, ni namna 34 tu. Hiyo ni wastani wa mara moja katika migawo 39. Blaindi za 100 na 200 zinawasili baada ya dakika 25, mgawo wa 30 hivi. Anayekaa kusubiri atafika hapo bila kuziona hata mara moja karibu katika nusu ya mashindano yake. Na hafiki na chipu 1,500 alizopewa. Blaindi alizolipa njiani zimemla kama 350, kwa hiyo anafika na 1,150, ambazo ni pungufu ya blaindi kubwa sita. Hajacheza mkono hata mmoja, hajakosea lolote la kuonekana, na tayari ni maiti anayetembea. Ndiyo hadithi ya dogo, tarakimu kwa tarakimu.

Ukienda soko la Mbuyuni asubuhi utawaona akina mama wa parachichi na wa mahindi wamekaa jirani. Wa mahindi bei ikimkera anafunga gunia, anarudi nalo, anangoja mwezi ujao. Wa parachichi hana anasa hiyo. Saa nne asubuhi anataja bei moja, saa tisa alasiri nyingine, na jioni anakuita "mwanangu njoo uchukue hata yote". Chipu kwenye shindano la polepole ni mahindi. Kwenye tabo ni parachichi. Asiyeliona hilo anaweza kujua kanuni zote za poka na bado akawa anauza saa kumi na mbili jioni kwa bei ya saa mbili asubuhi.

Kuna kipimo cha zamani kinaitwa M, herufi ya kwanza ya jina la ukoo la Paul Magriel, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa backgammon, mchezo wa dadu na kete. Unagawanya chipu zako kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja, unapata idadi ya mizunguko unayoweza kukaa bila kucheza. Dogo na chipu zake 1,150, blaindi zikiwa 100 na 200, M yake ni karibu 4. Mwalimu alipoisikia akafurahi: "Basi ana mizunguko minne, aharakie wapi?" Lakini kipimo hicho kinachukulia kwamba blaindi zimesimama. Kwenye meza ambayo madau yanapanda kabla ya mzunguko kuisha, hiyo 4 ni kama kilomita za mafuta zinazoonyeshwa kwenye dashibodi wakati unapandisha mlima wa Marangu.

Basi afanye nini? Hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya, wakadhani nawahimiza wacheze kama wendawazimu. Dakika kumi za mwanzo, blaindi zikiwa ndogo, mimi mwenyewe natupa karata nyingi. Kuna wachezaji wamekuja na moto, watafuata dau lolote na chochote, na kuwadanganya hakuna faida kwa sababu hawatupi karata. Ukipata karata nzuri kipindi hicho, ongeza dau kubwa ulipwe. Usipopata, haijakugharimu sana. Kazi inaanza pale chipu zako zinapokaribia blaindi kubwa kumi.

Chini ya hapo uchaguzi unabaki miwili: kuweka zote, ambako sisi tunakuita kwenda olini, au kutupa. Kuongeza kidogo kidogo ukiwa na chipu za blaindi sita ni kujifunga kamba mwenyewe. Umeshaweka karibu nusu ya mali yako, mwenzako anaona karata tatu za kwanza za katikati kwa bei nafuu, na uamuzi mgumu umebaki kwako. Ukienda olini wa kwanza, mgumu unamhamia yeye.

Tuseme umekaa kiti cha mgawaji, wote wa mbele yako wametupa, na waliobaki ni wenye blaindi wawili. Una 1,150. Katikati kuna 300 zinazokusubiri. Tuseme karata zako ni za kawaida kabisa, zile ambazo ukifuatwa unashinda mara 35 kati ya 100. Ukifuatwa na wa blaindi kubwa, katikati panakuwa na 2,400, fungu lako kwa wastani 840, kwa hiyo unapoteza 310. Wasipokufuata unapata 300 papo hapo. Piga hesabu uone: wakitupa wote wawili zaidi kidogo ya nusu ya nyakati, umetoka na faida kwa karata ambazo dogo asingezitazama mara mbili. Na hizo 300 ni zaidi ya robo ya chipu ulizonazo. Hakuna mtu anayepiga picha ya skrini ya ushindi wa namna hii. Hakuna karata zilizofunuliwa, hakuna shangwe. Ila ndizo hizo zinazokulipia blaindi za mzunguko unaofuata.

Wachambuzi wa kompyuta wamelimaliza suala hili kwa msingi wa kazi ya John Nash, yule mwanahisabati aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1994. Mkibaki wawili, kila mmoja na blaindi kubwa kumi, majedwali yanamwambia wa blaindi ndogo aende olini na karibu asilimia 58 ya karata zake zote, na wa blaindi kubwa amfuate na kama asilimia 37. Majedwali hayo yamejaa mtandaoni na vijana wa hapa wanayahifadhi kama jedwali la kuzidisha la darasa la tatu.

Hapo nina neno. Jedwali la Nash linakuambia ucheze vipi ili hata mpinzani anayejua kila kitu asikupate. Kwenye kiingilio cha dola moja mpinzani huyo hayupo. Yupo mtu aliyetoka kuchana mkeka wake wa Jumamosi, amekasirika, na ana jeki na 6 anaona zimependeza. Huyo hatupi. Rudi kwenye mfano wetu: ikiwa wenye blaindi wote wawili wanatupa kwa pamoja mara 30 tu kati ya 100, ile asilimia 35 haikutoshi tena, unahitaji kama 43 ukifuatwa. Mbinu ni ile ile, ila mzigo unaoupakia unabadilika. Kwa watu wasiotupa, 7 na 8 zote za pau, karata ambazo wapenda video huzipenda kama watoto wao, zinashuka thamani. Ree na 4 za rangi tofauti inapanda, maana ree peke yake mara nyingi inatosha kumshinda mwenye takataka. Wapinzani waoga wanaofuata kwa karata kubwa tu wanageuza mambo: ree yako dhaifu inakutana na ree yenye nguvu, na zile 7 na 8 zinakuwa na njia zao za kutokea. Kwa hiyo kabla ya jedwali, mtazame aliyekaa kwenye blaindi kubwa. Amefuata mara ngapi nusu saa hii? Swali hilo lina pesa nyingi kuliko majedwali yote yaliyomo kwenye simu ya dogo.

Halafu kuna mahali ambapo kila nilichosema kinageuka kichwa chini, miguu juu.

Wamebaki wanne, wanaolipwa ni watatu. Viingilio vimekusanya dola 9 za zawadi: wa kwanza 4.50, wa pili 2.70, wa tatu 1.80. Tuseme wote wanne mna chipu sawa. Kwa haki, kila mmoja anamiliki robo ya zawadi, dola 2.25. Mmoja anakwenda olini na wewe unafikiria kumfuata. Ukishinda utakuwa na nusu ya chipu zote mezani, na mtu wa kawaida anaamini sasa ana nusu ya pesa. Hana. Thamani yake ni kama dola 3.45, kwa sababu hata ukiwa na mlima wa chipu huwezi kulipwa zaidi ya nafasi ya kwanza, na wenzako wawili waliobaki tayari wameshajihakikishia kulipwa. Umehatarisha 2.25 ili uongeze 1.20. Ili mchezo huo ulipe, unatakiwa uwe unashinda zaidi ya mara 65 kati ya 100. Jozi ya 6 dhidi ya kingi na kwini, ambayo kila mtu pale saluni angeifuata akishangilia, inashinda kidogo tu zaidi ya nusu.

Na zile pesa nyingine zimekwenda wapi? Mlioingia vitani wawili mlikuwa na 4.50 kwa pamoja. Vita imekwisha, mshindi ana 3.45, mwingine hana kitu. Dola 1.05 imehamia kwa wale wawili waliokaa kimya, pengine mmoja wao alikuwa msalani. Hesabu yenyewe ina asili ya ajabu kidogo. Kanuni yake aliiandika David Harville mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi, na Mason Malmuth akaileta kwenye poka mwaka 1987.

Fundisho la vitendo hapa ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Wanasikia "ukingoni mwa zawadi cheza kwa woga" wanaanza kutupa kila kitu. Anayeadhibiwa na hesabu hii ni anayefuata. Anayekwenda olini wa kwanza amemtupia mwenzake swali la asilimia 65, na wachache sana wana karata za kulijibu. Kwa hiyo ukingoni napiga wa kwanza kwa ukarimu na nafuata kwa ubahili. Isipokuwa, tena, kwa yule wa jeki na 6. Yeye hajui kwamba kukufuata kunamuumiza. Atakufuata, mtaumia wote, na wale wawili watawashukuru kimoyomoyo. Akiwa yeye ndiye wa blaindi kubwa, mwache.

Pale zawadi inapokuwa tiketi ya shindano kubwa na si pesa, jambo linazidi. Wa kwanza na wa mwisho kati ya wanaofuzu wanapata tiketi ile ile, hivyo kuna nyakati ambapo hata jozi ya ree inatupwa. Mwalimu hajakubali hili hadi leo. Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, alianza kwenye shindano la tiketi la namna hiyo, la kiingilio cha dola 86, na mwaka 2003 akatwaa shindano kuu la Las Vegas lenye watu 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Dogo anaijua hadithi hiyo kwa moyo. Sijamnyima kuota, ila nimemwambia kwamba 839 toa mmoja ni 838.

Nimeacha mfuko, yaani pesa uliyotenga ya kuchezea, hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko subira inakotakiwa kuhamia baada ya kufukuzwa mezani. Kiingilio cha dola moja mara nyingi ni 1.10, senti 10 ikiwa ya mwenye nyumba, yaani anayeendesha mchezo. Wachezaji tisa wenye uwezo sawa wanalipa 9.90 na kugawana 9. Kwa mashindano 100 kila mmoja wao ameweka dola 110 na kwa wastani amerudishiwa 100. Ongeza makato ya kuweka na kutoa pesa kwa simu, ambayo kwa mafungu madogo madogo yanauma kuliko yanavyoonekana. Lazima uwe bora kuliko meza ili tu usimame ulipo.

Na utajuaje kama wewe ni bora? Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kwa mgawanyo wa zawadi niliouonyesha, mtu asiye na uwezo wowote wa ziada anaweza, kwa bahati tupu, kuwa juu au chini ya wastani wake kwa viingilio 15 hivi baada ya mashindano 100, na wala isiwe ajabu. Wiki mbili nzuri hazisemi chochote. Wiki mbili mbaya pia. Ndiyo maana nashauri mtu asiingie kwenye meza ya dola moja bila kuwa na viingilio 100 vilivyotengwa, pesa ambayo ikipotea yote ada ya mtoto haijaguswa. Mwenye dola kumi acheze meza za senti 10. Dogo aliniambia huo ni ushauri wa wazee. Wiki hiyo hiyo alikopa pesa ya mafuta.

Mengine nayapitia haraka. Meza mbili kwa simu moja zinatosha. Tatu ni kubahatisha kwa vidole. Hakikisha mahali unapocheza pana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 hana kazi pale. Na nunua bando kabla hujaanza. Hili nasema kwa uchungu: niliwahi kubaki katika watatu, nikiwa wa pili kwa chipu, bando likaisha. Nilikimbia hadi dukani kwa mangi, nikakuta anahesabu mauzo, hataki kusumbuliwa. Niliporudi hewani blaindi zilikuwa zimenila hadi mfupa.

Juzi dogo alikuja na daftari, ameanza kuandika kila shindano. Wamebaki sita, blaindi 100 na 200, ana chipu 1,300, kiti cha mgawaji, wote wametupa. Akafunua kingi na 9. Hakuniangalia. Akaenda olini. Wa blaindi kubwa akafuata na ree na 7, mchezo ambao dogo anashinda kama mara 4 kati ya 10, na safari hii haikuwa mojawapo.

"Ungesubiri," mwalimu akasema.

"Ningesubiri nini, mwalimu? Mgawo mmoja zaidi na blaindi zinapanda."

Mwalimu akanyamaza. Kisha akavuta lile daftari, akamwomba kinyozi kalamu, akaandika 1,326 juu ya ukurasa mpya na kuipigia mstari.